Kilo Mbili za Sukari kwa Mwadhini

Nianze na lililo kweli, nisije nikawazungusha: wikendi ninayotaka kuisimulia nilikuwa naanza kuwa kiziwi na sikuwa na habari. Watu walionizunguka walikuwa wameshajua. Wanafunzi wangu walijua. Mke wangu alijua kwa njia ya simu. Fundi wa redio alijua kabla sijamaliza kumfokea. Mimi mwenye masikio ndiye niliyekuwa wa mwisho kupata habari, na kabla hazijanifikia nilikuwa nimeshamnyang'anya mzee mmoja kitu alichokipenda kuliko vyote. Nilimnyang'anya kwa nia njema, na kilo mbili za sukari mkononi.

Nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa mjini Isiolo, na nilikuwa nimepanga nyumba ya vyumba viwili Chechelesi. Mke wangu alibaki kwetu, huko juu Meru, kwenye shamba la majani chai. Nilipanda kumwona mara moja kwa mwezi. Wikendi zilizobaki zilikuwa zangu, na nilizilinda kwa wivu. Jioni ya Ijumaa ilikuwa ya muziki, Jumamosi ya filamu, Jumapili ya kitabu. Walimu wenzangu walinicheka. Wao wikendi walikuwa wakifuga kuku, wakifundisha tuisheni, au wakizunguka kwenye maofisi mapya, maana tangu serikali za kaunti zije kila mtu mjini alikuwa na shemeji aliyeahidi kitu. Mimi sikuwa na shemeji wa aina hiyo. Nilikuwa na redio ya kaseti.

Redio yenyewe niliinunua kwa mshahara wangu wa kwanza, ile kubwa yenye milango miwili ya kaseti na spika mbili za kuchomoa. Kaseti nilizihifadhi ndani ya katoni ya biskuti, kila moja imefungwa kwenye karatasi ya nailoni, kwa sababu vumbi la Isiolo halibishi hodi. Nilikuwa na nyimbo za bendi, nyimbo za kwaya, na rumba ambazo sikuelewa neno hata moja. Lakini ulikuwako wimbo mmoja niliouweka wa mwisho kila Ijumaa, kama vile watu wanavyoweka kipande cha nyama pembeni ya sahani mpaka ugali uishe.

Ulikuwa wimbo wa zamani wa gitaa kavu. Mtu mmoja anapiga gitaa, anaimba mwenyewe, na mwenzake hana kazi nyingine ila kugonga chupa tupu ya soda kwa msumari. Basi. Baba yangu alikuwa na sahani yake ya santuri, na mimi niliurekodi kwenye kaseti kabla santuri haijavunjika. Nilichopenda hasa ni yule mgonga chupa. Anagonga vizuri, bila haraka, mpaka kwenye ubeti wa tatu, na hapo anakosa pigo moja. Moja tu. Labda alipiga chafya, labda alimwangalia msichana aliyepita. Kisha anarudi kama ambaye hakufanya kosa lolote. Tangu utotoni nilikuwa nalisubiri kosa lile, na kila likifika nilicheka peke yangu.

Ijumaa hiyo nilitoka shule nimechoka. Darasa zima la kidato cha pili lilikuwa limesoma kwa sauti siku nzima, na nilikuwa nimewagombeza tangu asubuhi kwamba kizazi hiki kinanong'ona, kwamba mtoto akiulizwa jina lake anajibu kama mwizi anayeungama. Walikuwa na adabu, maskini. Walianza kusimama kila walipojibu, wakaninyoshea nyuso zao, wakafungua vinywa wazi. Nilidhani nimewafundisha ujasiri. Nilifika nyumbani, nikamwaga maji sakafuni kutuliza vumbi, nikachemsha chai ya maziwa ya ngamia, nikavua viatu na kukaa.

Wimbo wa mwisho ulipofika, gitaa lilikuwepo. Mwimbaji alikuwepo, ingawa alikuwa anaimba kama aliyejifunika blanketi. Chupa haikuwepo. Nilingoja ubeti wa pili, nikangoja wa tatu. Hakuna chupa, na pasipo chupa hakuna pigo la kukosa. Nilirudisha kaseti nyuma. Nikatoa kaseti, nikakaza utepe kwa kalamu, nikapangusa kichwa cha redio kwa pamba yenye spiriti. Nikaongeza sauti mpaka kikombe changu kikaanza kutembea juu ya meza, na bado mgonga chupa alikuwa amekwenda zake. Ndipo nikakumbuka kwamba wiki mbili nyuma nilikuwa nimempelekea fundi redio ile abadilishe mkanda wa mpira unaozungusha kaseti, na nilikuwa nimeichukua juzi tu. Nikasema moyoni, fundi amekula chupa yangu. Nililala na hasira.

Niliamka Jumamosi jua likiwa limeshaingia mpaka kitandani, na hasira ikaniishia, kwa sababu kulala hadi saa mbili Chechelesi kulikuwa muujiza. Nyuma ya nyumba yangu, nyumba ya tatu, kulikuwa na msikiti mdogo wa mtaa wenye spika iliyoelekezwa, naweza kuapa, kwenye mto wangu. Nilipohamia hapo, miaka mingi kabla, adhana ya alfajiri ilinirusha kitandani kila siku. Nilimwendea mwadhini kulalamika. Alikuwa mzee wa Kiborana aliyestaafu udereva wa lori la maji, aliyezoea kupeleka maji mpaka Garbatulla wakati barabara ilikuwa mashimo matupu. Nyumba yake ilikuwa ubavuni mwa yangu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akanimiminia chai, akasema, "Mwalimu, wewe utazoea. Mimi sitazoea kunyamaza."

Tukawa marafiki kwa mtindo huo. Kila nilipokutana naye nililalamika kuhusu spika, na kila nilipolalamika alicheka. Mimi nilimsalimia kwa salaam aleikum na yeye akaniamkia kwa habari, kila mmoja akimpa mwenzake salamu za kwao. Aliwahi kuniambia kwamba tangu aache lori, watu wengi mtaani hawamjui kwa sura. "Lakini sauti wanajua," alisema. "Mtoto akizaliwa hapa, sauti yangu anaijua kabla ya ya baba yake." Alijivuna, na alikuwa na haki.

Sasa kwa wiki kadhaa nilikuwa silalamiki tena. Siku za shule niliamshwa na simu iliyotetemeka chini ya mto, na Jumamosi sikuamshwa na kitu. Nikiwa nimelala pale, jua likinipiga miguuni, nilipata jibu, na jibu lenyewe lilinigusa moyo. Mzee alikuwa amepunguza sauti. Baada ya miaka yote ya kucheka, alikuwa ameigeuza ile spika, kimya kimya, kwa ajili ya jirani yake Mkristo. Niliona aibu kwa kutogundua mapema. Mtu akikufanyia wema namna hiyo huendi mikono mitupu, si kwetu wala si kwao. Nikaamua kumpelekea sukari.

Kwanza nilipita kwa fundi, redio begani. Fundi alikuwa mtu wa Murang'a, wa umri wangu, mwenye kibanda karibu na soko. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba ameniharibia wimbo.

"Nimeharibu aje, mwalimu?"

"Kuna chupa humu. Chupa inagongwa. Tangu ubadilishe mkanda, chupa imepotea."

Aliiweka kaseti, akainamisha kichwa. Gitaa likaanza. Kidole chake kikaanza kugonga meza.

"Si hii hapa?" akasema. "Ti, ti, ti. Iko clear kabisa."

Nilimwambia asinifanye mtoto. Alinitazama kidogo, na nakumbuka aliyatazama masikio yangu kuliko macho. Akauliza, "Na hii volume yote umeweka ni ya nini, mwalimu? Watu wamesimama huko nje wanashangaa." Nilijibu kwa ukali kwamba niliiongeza kwa sababu redio aliyoiharibu haisikiki. Alifungua kinywa kusema neno, akalimeza. Aliifunga redio vizuri kwa kamba na kuniambia, "Kwa redio mimi sioni shida. Enda salama." Nilitoka nikimwona mtu mwongo asiyejua kuomba radhi.

Nikanunua kilo mbili za sukari na pakiti ya majani, nikaenda kwa mzee. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwake, anachonga mswaki. Sauti nzito ya mtu aliye karibu nilikuwa naisikia bado, hasa nikimtazama usoni. Vyembamba na vya mbali ndivyo vilivyonikimbia. Kwa hiyo tuliongea vizuri, na hilo ndilo lililotuponza.

"Nimekuja kutoa shukrani," nikasema, nikimkabidhi mfuko.

"Shukrani ya nini, mwalimu?"

"Ya usingizi. Siku hizi adhana hainiamshi. Imekuwa ya pole, nalala mpaka jua linawaka. Mungu akubariki, mzee."

Aliacha kuchonga. "Haikuamshi? Alfajiri hausikii?"

"Hata kidogo," nikasema kwa furaha.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ile iliyopita."

"Na ya magharibi?"

Nilifikiri, nikataka kumfurahisha zaidi. "Hata hiyo. Mtu hawezi kujua kama kuna msikiti hapa."

Nakumbuka aliuangalia ule mfuko wa sukari kwa muda. Kisha akasema "Amin," kwa upole, akaingia ndani nao. Nilidhani ni unyenyekevu, kwamba hakutaka kusifiwa kwa wema alioufanya kwa siri. Nikaenda nyumbani nimeridhika na nafsi yangu kuliko wakati mwingine wowote mwaka huo.

Mchana nilifunga madirisha kwa sababu ya upepo, nikaweka filamu. Nilikuwa mpenzi wa filamu za Kihindi za zamani, zile ndefu ambamo ndugu wawili hupotezana utotoni na kukutana wakiwa na bastola. Nilizinyonya kwenye flashi kutoka duka moja la mjini. Kihindi sikijui, husoma maandishi ya chini, ndiyo maana filamu hazikunishtua kwa lolote. Ndugu walilia, nami nililia. Walipoimba kwenye maua niliona nyimbo zimefifia kidogo, nikalaumu aliyenakili. Filamu iliisha magharibi ikiwa imeshapita. Nilikula, nikaosha vyombo, nikampigia mke wangu simu, nikagombana naye kwa sababu alikuwa anaongea chinichini kama mtu aliye na mgeni sebuleni. Akapaza sauti, nikamwambia sasa ananifokea. Akakata simu. Siku hiyo ilikuwa nzuri hata hivyo, ndivyo nilivyojiambia.

Nisilolijua ni kwamba wakati ndugu wale wa kwenye filamu walikuwa wanakumbatiana, mzee alikuwa amesimama msikitini mbele ya watu baada ya sala.

Jumapili ilikuwa siku ya kitabu. Nilikuwa na riwaya nene niliyoiweka akiba mwezi mzima, na nilikuwa nimeamua kwamba Mungu atanielewa nisipokwenda kanisani. Nilikuwa nimesoma kurasa chache nilipoona mkono ukipunga dirishani. Alikuwa mama wa maziwa, Mborana mwenye kibuyu chake na jerikeni ya njano, anayeniletea maziwa ya ngamia kila Jumapili. Zamani alikuwa akibisha hodi. Kwa miezi kadhaa alikuwa ameacha, alikuja dirishani moja kwa moja na kupunga mkono. Nilidhani ni desturi mpya ya wauza maziwa.

Alikuwa na uso wa msiba. Nikamwuliza kuna nini.

"Mwalimu, kwani hujasikia? Mzee amewacha adhana."

"Ameacha? Kwa nini?"

"Jana magharibi alisimama mbele ya wazee. Akasema sauti yake imekufa. Akasema hata jirani yake, ukuta kwa ukuta, hasikii tena. Watu walikataa, wakasema mzee sauti iko sawa. Yeye akasema nyinyi mnaniheshimu tu, huyu mwingine hana sababu ya kunidanganya. Akampa mtoto wa ndugu yake. Yule mwenye duka la viatu."

Nilishikilia fremu ya dirisha. "Na leo alfajiri?"

"Leo ni huyo wa viatu. Abo, sauti kama ya mbuzi! Tumeamka wote tukidhani kuna mnyama. Wewe hujaamka?"

"Spika si ilipunguzwa?" nikauliza. Nilitaka sana aseme ndiyo.

"Nani kapunguza? Waliongeza ingine wakati wa Ramadhani. Sasa ziko mbili. Mwalimu, hiyo kitu inasikika mpaka Ngaremara."

Alinimiminia maziwa yangu, akaniangalia kwa huruma ambayo sikuielewa, au niliielewa na sikuitaka, akaenda.

Nilirudi ndani, nikasimama katikati ya chumba. Ukutani kulikuwa na saa ya betri niliyoizoea kwa mlio wake, tik, tik, mlio uliowahi kunikera nikisahihisha insha. Mshale wa sekunde ulikuwa unatembea. Mlio haukuwepo. Nikaenda jikoni, nikatoa chupa tupu ya soda chini ya meza, nikatafuta msumari kwenye droo. Nikagonga. Niliuhisi mgongano kwenye vidole. Nikagonga tena karibu na sikio la kulia, kisha la kushoto. Kwa mbali sana kilikuja kitu kisicho na ncha, kama mtu anayegonga gunia. Niligonga mpaka shingo ya chupa ikavunjika, na hata ile ya kuvunjika sikuisikia vizuri.

Nikakaa sakafuni nikalia. Sina maneno mazuri zaidi ya hayo. Nililia kwa sababu ya chupa, kwanza kabisa, na naona haya kusema hivyo, kwa maana mtu mwema angemlilia mzee kwanza. Kisha wengine wakaja kwa zamu: fundi niliyemtukana mbele ya wateja wake, mke wangu, watoto wa kidato cha pili na vinywa vyao wazi. Wote walikuwa wamenibeba, na mimi nilidhani natembea. Nilijiuliza mwalimu asiyesikia anafundisha nini. Miezi baadaye, daktari wa masikio alinieleza kwamba mishipa ya ndani ndiyo inayokufa na haifufuliwi. Alinipa kifaa cha kuvaa ambacho kinanipa kelele za sufuria na upepo, ila chupa hakijawahi kunirudishia. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilikuwa nimeifundisha methali hiyo miaka yote, na watoto waliitungia insha za walevi na wezi wa mifugo.

Kitabu kilibaki kimefunguka kwenye kiti. Kitabu hakinong'oni, na siku hiyo hata hicho sikuweza kukisoma.

Kama saa tisa nilinawa uso nikachukua redio, nikaenda kwa mzee. Nilimkuta kwenye kiti kile kile, lakini hakuwa anachonga kitu. Kwa miaka yote niliyomjua, saa kama hiyo angekuwa ameshaanza kusafisha koo kwa maji ya uvuguvugu. Mkewe alitoka akaniletea chai, nikajua kwa ladha kwamba ilikuwa na sukari nyingi. Sukari yangu.

"Mzee, nimekukosea," nikasema. "Sauti yako haina shida. Masikio yangu ndiyo mabovu. Sikujua."

Akatabasamu. "Mwalimu, asante. Sasa umejifunza adabu."

"Si adabu. Ni kweli."

"Miaka yote ulikuwa unalalamika. Unakuja hapa, spika, spika, spika. Watu wangu wananisifu, lakini mtu wa kulalamika ndiye shahidi. Siku umekuja na sukari, nikajua imeisha. Sasa mama wa maziwa amekuambia, umeona huruma, umekuja kunidanganya. Hakuna ubaya."

Nilimwapia kwa Mungu wangu na kwa wake. Aliendelea kutabasamu, na tabasamu lile lilinishinda nguvu kuliko kama angenitusi. Nilijiona sina hata chombo cha kumthibitishia, maana ubovu wenyewe ulikuwa ndani ya kichwa changu mahali ambapo hawezi kuchungulia. Ndipo nikaiweka redio mezani.

"Sikiliza wimbo mmoja," nikasema. "Najua si mambo yako. Mmoja tu."

Hakupenda. Aliangalia upande wa msikiti, akaangalia ndani kwa mkewe, akashusha pumzi. Nikabonyeza. Gitaa likaanza, lile lililobaki la gitaa.

"Unasikia nini?"

"Kinanda. Mtu anaimba."

"Na nini tena?"

Akainamisha kichwa, kama fundi. "Kuna mtu anagonga kitu. Chupa. Anagonga chupa na chuma."

"Mimi siisikii," nikasema. "Tangu Ijumaa naitafuta. Nimeisikiliza maisha yangu yote na siisikii. Nigongee hapa." Nikamnyoshea mkono wangu.

Sijui kama aliniamini wakati ule au alichoka kubishana. Aliushika mkono wangu kwa kiganja chake kigumu cha usukani, akaanza kugonga kifundo changu kwa kidole kimoja. Alikuwa hajausikia wimbo ule maishani mwake. Aligonga ubeti wa kwanza, aligonga wa pili, na mimi nilihesabu kwa ndani huku natazama midomo yake iliyokazwa. Tukaingia ubeti wa tatu. Mahali pale pale, kidole kikasimama hewani. Pigo moja halikuja. Kisha kidole kikarudi kikaendelea.

"Huyu amekosea," mzee akasema.

Alinitazama usoni, na tabasamu lile la adabu likaondoka. Akauacha mkono wangu taratibu, kama mtu anayeweka kikombe kilichopasuka.

"Haki ya Mungu, mwalimu," akasema. "Wewe husikii."

"Sisikii. Basi rudi, mzee. Waambie nilikosea."

"Nimesema mbele ya watu," akasema. "Kijana amesimama mbele ya watu akakubali. Leo nikimnyang'anya, nitakuwa mzee anayelilia spika."

"Nitakwenda mwenyewe niwaambie."

"Utawaambia nini? Mwalimu Mkristo aingie msikitini aseme masikio yake ni mabovu? Watacheka. Watasema mimi nimekutuma." Akatikisa kichwa. Maji yakimwagika hayazoleki, na yule ambaye kazi yake ilikuwa kubeba maji alilijua hilo kuliko mimi. "Tukae tu," akasema.

Tukakaa. Wimbo ulikuwa umeisha, ukaja mwingine, sikumbuki upi. Nilitafuta la kumfanyia na sikuliona. Nilitafuta pia la kujifanyia. Chai ikapoa mbele yangu na ule utamu wake wote.

Ghafla alinyosha mkono akaniashiria nizime redio. Nikazima. Nilidhani anataka kuniambia jambo, nikamkazia macho usoni. Hakuniambia kitu. Midomo yake ilianza kutembea, polepole, bila kunielekea, ikasimama, ikatembea tena. Kwa dini yao, anayeisikia adhana huyarudia maneno yake chinichini. Nikajua alasiri imeingia, na kwamba nyuma ya nyumba zetu muuza viatu anaita kwa spika zote mbili. Mimi nilisikia upepo ukivuta mabati, au labda nilikuwa naukumbuka tu. Nikabaki nimeitazama midomo ya mzee mpaka ilipoacha kutembea.